Manowari Zimeniharibia Posa

Jumamosi asubuhi, Al Hail, mtaa wetu wa pwani. Hata saa mbili haijafika na joto limeshaanza kuuma. Unyevu wa bahari umetanda kwenye vioo vya madirisha, nje huoni kitu. Nimeamka na hasira zangu za jana, hata chai sijaigusa.

Jana niliposwa. Yaani, ilikuwa niposwe.

Wageni wamekuja, wamekaa, wamekula halwa, wamekunywa kahawa, wameondoka. Neno la posa halikutamkwa. Tangu baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, Baba na mshenga walikuwa wakibishana juu ya manowari za kubebea ndege. Ndiyo, umesoma sawasawa. Meli za kivita. Tena za watu wengine!

Nna miaka thelathini na tatu. Nasser tunajuana mwaka wa nne huu, na ndiye mwanamume wa kwanza niliyemtaka mwenyewe, si wa kuletewa na Shangazi Zuwena. Anafanya kazi Salalah, safari ya siku nzima kwa gari kutoka hapa. Mshenga wake ni ami yake, Bwana Khalfan, mstaafu wa jeshi la majini, mtu wa masharubu na sauti nzito.

Kwa asiyejua mambo yetu: posa hufunguliwa na mshenga. Mwenye nyumba hamuulizi mgeni kilichomleta, hata kama halwa imeagizwa tangu juzi, nyumba nzima inanukia ubani, na binti mwenyewe yuko chumba cha pili, nyuma ya pazia la mlango, kabana pumzi. Sote tunajitia hamnazo mpaka mshenga akohoe na kusema, "Bwana, tumekuja na haja." Kabla ya hapo watu huzungumza afya, joto na khabari za dunia.

Khabari za dunia ndizo zilizonimaliza.

Bwana Khalfan alisema, kwa upole kabisa, kwamba moja ya zile meli kubwa imeingia tena kwenye bahari ya karibu yetu, na akaisifu. Baba akamjibu, "Kwa kupendeza inapendeza. Lakini zote hizo za nini? Moja nakubali. Mbili nakubali. Hizo nyengine wanamwekea nani?"

Basi! Nyuma ya pazia Shangazi akanifinya paja.

Bwana Khalfan akasema ule ni uwanja wa ndege unaotembea, hauombi ruhusa ya kutua kwa mtu, na adui akiuona tu anafikiri mara mbili. Na lazima ziwe nyingi, maana moja ikiwa kazini nyengine iko matengenezoni. Baba akasema uwanja gani huo, unaotaka kundi la meli nyengine kuulinda, na nyambizi chini yake, na maelfu ya vijana wa watu ndani, halafu kombora moja la bei ya chini linatosha kuwanyima wote usingizi. Siku hizi kuna droni, bwana wee! Dunia imebadilika, wao bado wanajenga majumba juu ya maji.

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Na hapa niungame: hoja zile zote nimempa mimi. Macho ya Baba yameharibiwa na sukari, kwa hivyo kila jioni namsomea khabari za Kiingereza kwenye simu na kumfasiria. Tumebishana wenyewe mara ngapi juu ya meli hizo! Mimi ndiye niliyemwambia kwamba dola iliyoshinda vita kwa silaha fulani huwa haina moyo wa kuiacha silaha hiyo. Jana nilikuwa nikimsikia anayasema maneno yangu, tena anayasema vizuri, na yanamfukuza mchumba wangu. Aibu zaidi ni kwamba kuna mahali alisahau hoja na nikataka kumsaidia kupitia pazia.

Adhana ikaadhiniwa. Wanaume wakainuka kwenda msikitini, na baada ya sala wageni wakaaga hukohuko mlangoni mwa msikiti. Nasser akaniandikia: "Ami anasema tukutane Ijumaa ijayo. Ana majibu." Majibu! Nani kamuomba majibu?

Sikumsemesha Baba jana usiku. Shangazi akasema ndugu yake hakuzaliwa na akili za kupokea wageni, akajichukulia halwa iliyobaki akenda zake.

Asubuhi hii nilikuwa naosha vikombe vya kahawa, bado namtukana kimoyomoyo, ndipo kitu kikanijia. Bwana Khalfan alikohoa. Alikohoa mara tatu, nilisikia kwa masikio yangu. Mara ya kwanza Baba akarukia nyambizi. Mara ya pili akarukia droni. Mara ya tatu mgeni alishafika kwenye "Bwana, tume...", na Baba, ambaye hajawahi katika umri wake kumkata mgeni kauli, akamuuliza kwa sauti kubwa mafuta ya meli ile yanatoka wapi. Meli ile haitumii mafuta. Inakwenda kwa nyuklia. Mimi mwenyewe nimemsomea.

Baba alikuwa anamzuia.

Nikaacha maji yanachuruzika, nikamfuata barazani na mikono yangu ya sabuni. Kwetu binti hasemi mambo haya mbele ya babake. Nikasema, "Baba, mimi namtaka Nasser. Ijumaa mshenga akikohoa, mwache aseme."

Nilikuwa tayari kwa kelele, nimejipanga kabisa. Hakupiga kelele. Aligeuka akaangalia upande wangu, bila ya kuniona vizuri. Tangu Mama afariki, miaka sita hii, nyumba hii ina watu wawili tu.

Akasema taratibu, "Nitamwacha aseme, mwanangu. Na nitakubali."

Halafu akauliza, "Na mimi je?"

Nimerudi jikoni, nimefunga mfereji wa maji, nimekaa kuandika haya. Jioni nitamsomea Baba khabari zake kama kawaida; nikishaolewa Salalah, atasomewa na nani?