Homa ya Mwanaidi

Alhamisi jioni. Nje jua linachoma, na vumbi la machimbo ya metro limetanda hadi dirishani kwangu hapa Al Mansoura. Leo halinisumbui. Nina furaha ambayo sijaionja tangu nishuke ndege Doha.

Mwanaidi amepona.

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ndogo ya kibinafsi. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kiqatari kutoka Muaither alimleta mfanyakazi wake wa nyumbani, Mwanaidi, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa ametoka likizo kwao majuzi tu. Yule mama alieleza kwamba Mwanaidi ana mafua, amekunywa dawa na hapati nafuu, basi apewe yenye nguvu zaidi. Mwanaidi hajui Kiarabu wala Kiingereza. Aliyetafsiri pale nyumbani ni dereva wao, Mkenya mwenzangu. Mwanaidi alimwambia ana homa, naye akapeleka habari jinsi alivyoielewa.

Simlaumu. Kwetu Nakuru mtu akisema ana homa, unamtafutia kitambaa cha pua. Homa ni chafya na macho kutoa machozi. Unakunywa maji moto ya ndimu na tangawizi, unaenda kazini. Mwili ukichemka tunasema joto limepanda. Mafua ni neno tuliloachia vitabu vya shule.

Nilimpima joto. Lilikuwa la kawaida, na mkono wangu ulikuwa tayari kuandika mafua. Ila pua yake ilikuwa kavu. Hakukohoa, hakupiga chafya. Alijikunyata ndani ya sweta, mwezi wa saba, midomo imepauka.

Nikamuuliza, "Dada, hayo mafua yalianza lini?"

Akanitazama kama mtu aliyesingiziwa. "Mafua sina, dada. Nina homa. Mwili unawaka moto, halafu natetemeka mpaka meno yanagongana. Ikiniachia nalowa jasho. Kisha inarudi."

Homa yake haikuwa homa yangu.

Nikakumbuka watangazaji wa redio za Tanzania wanavyosema homa ya pambano imepanda. Hakuna anayeshikwa na mafua kwa sababu ya mpira. Wanasema joto. Siku zote nililisikia neno hilo nikalipita.

Nikaenda kwa daktari, Msudani wa makamo ambaye siku hiyo alikuwa na foleni ndefu, na ambaye hapendi wauguzi wenye hadithi. Nilianza kumweleza kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ametoka Tanga, kwamba kinachoitwa mafua si mafua, kwamba mwenyewe anasema homa. Akainua macho.

"Humma?" akauliza. "Hilo ni neno letu. Kwetu pia ni mwili kuwaka."

Akaagiza damu ipimwe papo hapo. Ilikuwa malaria, na ilikuwa imepanda vibaya. Ambulensi ilimpeleka hospitali kubwa kabla ya magharibi. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kwamba kama Mwanaidi angerudi nyumbani na chupa nyingine ya dawa ya mafua, huenda tusingemwona tena.

Nilijifungia chooni nikalia. Kisha nikanawa uso, nikarudi kwa wagonjwa.

Leo asubuhi mlango umefunguliwa, Mwanaidi akaingia kwa miguu yake. Amekonda, lakini macho yamerudi. Mama wa nyumba alikuwa amemshika mkono. Nimeambiwa alikuwa akimtembelea wodini na chakula alichopika mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikosa neno la kumwelewa Mwanaidi, ndiyo shida yake yote.

Aliniomba nimfundishe jinsi ya kumuuliza Mwanaidi hali yake yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Nikafikiri kidogo. Kikwetu ningesema "unasikia uchungu wapi," na huko Tanga uchungu ni wa mwanamke anayejifungua. Tungeanza balaa jipya. Nikachagua la kwao: unaumwa wapi?

Akaliandika kwa herufi za Kiarabu kwenye simu, akalirudia mdomoni, kisha akamgeukia Mwanaidi na kumuuliza, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwanaidi akacheka hadi akashika mbavu.

"Siumwi popote, mama," akasema.

Nikafungua kinywa nitafsiri. Yule mama akanizuia kwa mkono. Alikuwa ameshaelewa, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nimechekwa sana kwa Kiswahili changu. Wapwani wamenicheka, Watanzania wamenicheka. Leo nimetembea kutoka kazini kichwa juu, jasho linanitiririka, nikitabasamu peke yangu barabarani hadi watu wakanipisha.

Kuanzia kesho, mtu akinitajia ugonjwa wake kwa Kiswahili, nitamuuliza kwanza ni Kiswahili cha wapi.