Injini Niliyoisikia Nikiwa Edani

Baba Mwanaidi,

Jana nimetoka eda. Wamenikosha, wamenivisha kanga mpya, na kitu cha kwanza nilichokwenda kukitazama si kaburi lako. Ni gari lako. Nalo limekufa, mume wangu, na aliyeliua ni mdogo wako Hamadi, yule yule uliyemkabidhi ufunguo kwa mkono wako ukiwa kitandani, ukasema atatutazama mimi na mwanao. Katutazama kweli!

Nina hasira naye, na wewe pia nina hasira nawe. Mimi ulinifundisha, yeye hukumfundisha. Unakumbuka siku ile tunakwenda Pangani kwa wazazi wangu, gari likachemsha kabla ya Kigombe? Jua kali, nilinuna, nikakwambia mwaga maji twende zetu. Wewe ukazima injini, ukafungua boneti, ukanikalisha kivulini ukanimenyea njugu. "Bibie, hiki chuma kina moto. Nikikimwagia maji baridi kitapasuka. Tukiache kipoe." Tukakaa mpaka njugu zikaisha. Nilikuita mvivu. Leo ningetoa chochote nikae tena pale.

Basi sikiliza. Nilikuwa chumbani, edani, sionekani na mwanamume wala sauti yangu haitoki nje. Hamadi akaingia uani na abiria wa harusi, wanawake wanapiga vigelegele garini. Mimi nilichosikia ni injini inagonga, na rejeta inatokota kama chungu cha maharage. Nikamwambia mama yako, "Mama, mwambie azime, asitie maji kwanza." Unajua alivyonijibu? "We mwana, mjane mzima unasikiliza magari? Vuta tasbihi yako." Nikasikia ndoo inashushwa kisimani. Nikakimbilia dirishani nipige kelele, mama yako akanikamata, akaniziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mvuke ukapiga fyuu, halafu chuma kikalia, ta! Nikalia na mimi. Majirani wakasema, masikini, kamkumbuka mumewe.

Hakuishia hapo. Aliliwasha tena, akawapeleka watu harusini, moshi mweupe unamfuata nyuma. Gari lilirudi likisukumwa.

Fundi wa Usagara alilifungua. Oili imeingia maji, imekuwa rangi ya chai ya maziwa, gasketi imeungua, na kile chuma kinachoifunika injini juu kimepasuka. Tangu hapo Hamadi kila jioni yuko kwenye baraza yetu hapa Chumbageni, anawaambia watu kwamba marehemu aliacha gari bovu, kwamba miaka yote ulibeba abiria kwa ujanja ujanja tu. Wewe! Uliyekuwa hunywi chai asubuhi kabla ya kuitazama rejeta! Na watu wanaitikia, maana mimi wa kuwajibu nilikuwa nimefungiwa ndani. Riziki yetu kaiua, sasa analiua na jina lako.

Leo asubuhi kamtuma shangazi yako. Anataka kunioa. Eti nyumba isivunjike, na gari atalitengeneza. Nilicheka, baba Mwanaidi, nilicheka mpaka shangazi akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia sitaki. Akasema nifikiri vizuri, mwanamke mwenye mtoto ataishije? Sijui nitaishije. Nitasuka ukili wa mikeka, nitapika vitumbua, yatakayokuja nitayaona. Lakini kulala na mtu anayekutukana, hapana, Wallahi.

Alipoondoka nikaenda uani, nikaichukua ile gasketi, nyeusi, imelika katikati, nikaitundika kwenye msumari wa mlango wa mbele, juu kabisa ya pale anapokaa Hamadi. Mama yako ameniuliza nina wazimu gani. Yeye nitamsamehe, lakini si leo.

Lala salama, mume wangu. Mola akupanulie kaburi. Nakuahidi, Mwanaidi hatakua akimsikia baba yake anatukanwa mlangoni kwake. Jua limeshuka, wameanza kuja barazani, wanaamkiana, na mmoja ameshauliza kile kilichotundikwa ni kitu gani. Hamadi kageuza mazungumzo. Naweka kalamu, natoka kuwaambia.