Nusu Yangu ya Kanga

Shinyanga mjini,
nyumba ya nyuma ya stendi.

Mdogo wangu Doto,

Najua hupendi nikuite mdogo, hasa sasa ukiwa umenuna, lakini mimi ndiye niliyetangulia kutoka na hilo halibadiliki kwa sababu ya ng'ombe wa mahari yako. Nakusalimu sana. Huku mwili ni mzima, ila usingizi ni haba. Mama miguu yake inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta ilifika, au aliipaka yeye njiani? Na mvua, zimeanza huko Katoro? Huku ni vumbi tu, nikipangusa meza asubuhi, mchana ningeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Barua yako ya pili nimeipata. Umeandika, "Kumbe paka wa watu ni ndugu zako kuliko mimi," ukapiga mstari chini yake mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Unasema ng'ombe walifika kutoka Ushirombo, wakafungwa kwenye uzio, mkeka ukatandikwa, wazee wakaketi, na mahali pangu pakabaki wazi mpaka jua likageuka. Kisha wakwe wakafungua ng'ombe wao wakaondoka nao, na Luhende wako akapita mbele yako bila kuinua kichwa. Nimeisoma sehemu hiyo nikiwa nimesimama, nikashindwa hata kukaa. Wamesema watarudi mara moja tu, mwezi ujao, na wasiponikuta mambo yamekwisha. Basi nisikilize kwanza, hasira ziweke pembeni, nikueleze siku ile ilikwendaje. Na ukifika mwishoni utaona kuna jambo ambalo sikumwambia mtu.

Nilikwisha kukwambia kwamba bweni la chuo lilijaa, nikapata chumba cha uani kwa Mama Dilip, yule mjane wa Kihindi ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Chumba nimepewa bure, kazi yangu ni kuwatazama paka wake. Wako watatu. Moti ni dume jeupe lenye maringo. Rani ni jike, mpole, na wakati huo alikuwa na mimba. Wa tatu aliletwa na njaa tu kutoka barabarani, hakuwa na jina, nikamwita Masanja kwa sababu anatembea kama yule jirani yetu akitoka kilabuni. Mama Dilip siku ya kwanza alinisimamisha getini akanishika mkono. "Nyama hapana ingia hapa, mtoto. Samaki hapana, yai hapana. Kwangu roho yote iko sawa." Nikamwuliza, "Na paka, Mama?" Akacheka. "Paka yangu nakula wali na maziwa. Iko zoea."

Walizoea wapi! Rani mifupa ilikuwa inahesabika. Mama Dilip alipokwenda Mwanza kwa binti yake aliyejifungua, akaniachia funguo akisema harudi muda mrefu, mimi nikawa nanunua dagaa sokoni. Dagaa hao sikuwaingiza ndani, ahadi ni ahadi. Nilikuwa nawasha jiko la mkaa nje ya ukuta, kwenye kichochoro, nachemsha dagaa pale na wao wanakula palepale, kisha nanawa kwa ndimu kabla ya kugusa komeo la geti. Mama Dilip akatuma salamu kwamba mtoto ni dhaifu, atakawia. Akatuma tena. Mpaka leo hajarudi.

Sasa fikiria maisha yangu. Asubuhi na mapema niko wodini kutandika vitanda na kupima joto. Nikitoka naingia darasani. Mchana, wenzangu wanapokula na kujinyoosha, mimi nakimbia na yunifomu yangu nyeupe kwenda kuwasha mkaa kichochoroni, narudi jasho limenilowa. Jioni tunasomeshana mifupa ya binadamu, mmoja anataja mwingine anaonyesha, na mimi nasinzia nikiwa nimeshika nyonga yangu mwenyewe. Juzijuzi Sista wa wodi ya wazazi alinivuta pembeni, akanitoa unyoya begani kwa vidole viwili.

"Mwanafunzi, hiki ni nini?"

"Unyoya, Sista."

"Wa nani?"

"Wa Moti, Sista."

Wenzangu walicheka mpaka wakajificha nyuma ya pazia. Tangu hapo naitwa Mama Moti. Mimi sikucheka. Siwezi kulala kwa rafiki, siwezi kwenda ibada ya mbali, siwezi hata kuugua. Kuna nyakati nafunga lile geti kwa ndani nasikia kama aliyefungiwa ni mimi.

Ndipo barua yako ya kwanza ikafika. Uliandika kwa furaha, maneno yanakimbizana. Ukasema Mama ameagiza nisikose, kwa kuwa pacha hatendewi mmoja. Hilo nalijua, Doto. Ulipougua surua nilinyweshwa dawa nikiwa mzima. Uliponyolewa kwa ajili ya chawa nami nikanyolewa, na chawa sikuwa nao. Nikajua ng'ombe wako hawataingia zizini bila mimi kukaa kando yako mkekani na kupakwa mafuta pamoja. Nikaomba ruhusa kwa Sista, akatoa kwa shida. Wakabaki paka.

Nikamwendea Mama Nyanzobe, anayeuza mchele ng'ambo ya reli. Ghala lake lina panya hata mchana. Nikamwomba akae na paka siku chache tu. Akakubali haraka, akanipa chumvi kwenye karatasi, maana unajua kwetu paka hapokelewi mikono mitupu. Siku ya safari nikawatia wote kwenye gunia. Moti alinichana mkono mpaka damu, Rani alilia tu. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Katoro, nikafanya kama Bibi alivyokuwa akifanya: nikalizungusha gunia, nikalizungusha, ili wasahau njia ya kurudi. Nilizungusha mpaka mimi nikapata kizunguzungu nikaegemea geti. Nikawapeleka, nikawafungia ghalani, nikaenda stendi na mfuko wangu.

Basi la kupitia Kahama lilikuwa halijajaa. Nikakaa dirishani, nikakumbuka kwamba ufunguo wa geti ninao shingoni na sikuuacha kwa jirani. Stendi ni hapo tu. Nikamwambia kondakta anisubiri, nikakimbia.

Moti alikuwa juu ya ukuta anajilamba. Masanja amekaa kichochoroni kwenye majivu ya jiko langu, ananitazama kama mtu anayeuliza chakula kimechelewa wapi. Na Rani alikuwa amelala mlangoni pa geti, ubavu, anahema kwa kinywa. Kumbe wametokea kwenye tundu la bati ghalani, hata sijui walimvushaje reli yule mwenye mimba. Baadaye Mama Nyanzobe aliniuliza, "Gunia ulizungushia wapi?" Nikamwambia getini. Akapiga makofi. "Yaya, mayu! Hapana, mama! Umewaonyesha geti kutoka kila upande! Huzungushwa kule wanakopelekwa, si wanakotoka!" Nikataka kumrudishia chumvi yake akakataa. Amelieneza jambo hilo soko zima.

Rani alikuwa amekwisha kuanza uchungu. Nikamwingiza uani, nikaweka mfuko wangu chini ili nimtafutie tambara, naye akajivuta mpaka kwenye mfuko uliokuwa wazi, akapanda juu ya nguo zangu. Juu kabisa ilikuwa ile kanga ya njano, nusu yangu. Ile pea Mama aliyoinunua tulipovunja ungo, akaikata katikati mbele yetu, wewe kipande chako mimi kipande changu. Nilikuwa nakuja nayo niivae siku yako. Rani akazalia hapo. Wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili akakwama, nikanawa mikono, nikamsaidia kama tunavyofundishwa, taratibu, kwa kufuata pumzi yake. Nikiwa nimemshika ndipo basi likapiga honi. Nikaijua honi yake. Likapiga tena, refu, halafu nikasikia likiondoka.

Doto, hapa ndipo penye lile jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilipolisikia linaondoka sikulia. Nilifurahi. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Turudi kwenye barua yako ya kwanza. Katikati ya furaha yako uliandika kwamba Baba Mdogo anasema ng'ombe watakuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, kwamba kaka yake Luhende, Jilala, naye atakuja, na kwamba nivae gauni langu zuri. Basi, ukaendelea na habari za mchele na masufuria. Mimi sikuendelea, nilibaki hapo. Jilala namjua. Ni yule anayenunua dhahabu kwa wachimbaji Mwakitolyo, mwenye redio kubwa kuliko meza na mke ambaye yeye amekwisha kumchoka. Ng'ombe wa pacha mmoja hawaongezeki wenyewe, Doto. Baba Mdogo ameona kwamba kwa kuwa tunakaa mkeka mmoja, tunapakwa mafuta mamoja, basi tuondoke siku moja, wewe kwa Luhende na mimi kwa Jilala, zizi lijae mara moja. Na ukishakaa mkekani mbele ya wazee hakuna anayekuuliza neno. Ningesema nini? Ningeinuka nikimbie nikuache hapo na aibu, ng'ombe warudi vilevile? Au ningekaa, na yunifomu yangu ibaki imetundikwa huku kwa Mama Dilip?

Sijui kama ulijua. Sitaki kujua, kwa hiyo usiniandikie jibu la hilo.

Nimekaa na jambo hili tangu siku ile. Nikija, nimekwisha. Nisipokuja, wewe umekwisha, na Luhende unampenda, ulinieleza tangu alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake karibu na kisima chetu na kujifanya amepotea kila siku. Geti hili la Mama Dilip na uzio wa nyumbani nimeviona ni kitu kimoja, nikitoka kwenye kimoja naingia kwenye kingine. Nimewakasirikia paka, nimemkasirikia Baba Mdogo, nimekukasirikia hata wewe kwa kuzaliwa siku moja na mimi. Halafu nikaitazama ile kanga.

Unakumbuka msiba wa Babu? Nilikuwa shule ya bweni, hawakuweza kunifuata, na ilibidi tupakwe mafuta wote tusije tukaugua. Bibi alichukua gauni langu la nyumbani, akalitandika kando yako mkekani, akalipaka mafuta kama mtu, akasema Kulwa yupo. Hukuugua, nami sikuugua. Bibi bado yu hai na akili yake timamu. Mwambie maneno haya mbele ya Baba Mdogo na wazee wakiwa wamekaa, usimwambie jikoni: Kulwa hakukataa kuja, Kulwa ametuma nguo yake kama Bibi alivyofundisha. Hakuna mzee atakayembishia Bibi kwa jambo alilolifanya mwenyewe. Na hakuna atakayeihesabia nguo ng'ombe wa Jilala.

Nguo hiyo anakuja nayo Mama Nyanzobe pamoja na barua hii, anafuata mchele huko Katoro. Ni mnene, anacheka kwa sauti, hutampoteza. Mpokee vizuri, usimpe nafasi ya kusimulia habari ya gunia mbele ya wakwe.

Sitakuona ukipakwa mafuta. Sitaona ng'ombe wakiingia. Tumefanya kila kitu pamoja hata visivyotuhusu, na siku hii moja inayokuhusu wewe nitakuwa wodini nikitandika vitanda. Inaniuma, Doto, nisikudanganye. Inaniuma kuliko alivyonichana Moti.

Nisalimie Mama, mwambie kwa miguu yake aketi kitini siku hiyo, asione haya. Msalimu Bibi, umwambie ni yeye aliyenifunza yote, ukiacha ule uongo wa gunia, au labda sikumsikiliza vizuri. Shangazi anayekaa Kalangalala mpe salamu zake, na Baba Mdogo mpe shikamoo yangu kwa heshima zote, asikose hata moja. Luhende mwambie pacha wa mke wake anamtazama.

Watoto wa Rani wote wawili wazima. Mama Dilip bado hajui.

Ni mimi niliyetangulia, na safari hii nimebaki nyuma,
Kulwa.

Kanga usiifue. Harufu yangu ikitoka itakuwa kitambaa tu, Bibi atakwambia. Ukiona manyoya meupe ni ya Moti, ya kijivu ni ya Rani, na lile doa lililokauka ni pale alipozalia. Chukua nusu yako, uzishone pamoja palepale Mama alipokata, uzitandike mkekani, ukalie yako na yangu ibaki kando yako.