Moto wa Kwanza Katika Nyumba ya Nyakato

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sisi hapa Nyakato tu wazima. Babu yako amepona mguu, na jana alivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga kumwona dada yake.

Umeuliza kwa nini serikali isimlipe mkandarasi fedha zote mapema, ili nyumba za watu wa kipato kidogo ziishe upesi. Nyumba hii nayo serikali iliwajengea watu kama sisi, ikimlipa mkandarasi hatua kwa hatua. Nilikuwa msichana tulipoitwa kuipokea, tukitoka katika chumba kimoja cha Kirumba. Kwa desturi yetu, mama aliwasha moto jikoni kabla ya kuingiza chombo chochote. Moshi ukajaa nyumba nzima.

"Moshi huu ni wa kuni zako mbichi, mama," mkandarasi alisema.

"Basi ingia ukae nao, baba," mama alimjibu.

Aliingia, akatoka akikohoa. Ofisa wa serikali aliyekuja kutukabidhi nyumba akazuia malipo yake ya mwisho mpaka dohani ya kutolea moshi irekebishwe. Baba yangu alinung'unika, kwa maana tulirudi Kirumba kungoja. Lakini mkandarasi naye alirudi, akaijenga dohani upya.

Leo asubuhi nimepika uji humu bila kukohoa. Namshukuru Mungu kwamba siku ile mkandarasi alikuwa bado hajalipwa yote.

Bibi yako akuombeaye.