Kahawa Haitolewi Barabarani

Geita, 12 Januari 2025

Binti yangu Evaresta,

Natumaini mmeamka salama hapo Ihanda, wewe, mama yako na wadogo zako. Mimi mgongo unanisumbua, lakini kazi ya ulinzi ni ya kusimama, sasa nitafanyaje.

Naandika kwa sababu hili si la kuongea kwenye simu, na wewe kwenye simu unaitikia "ee baba" tu hadi salio linaisha. Jumapili iliyopita baada ya ibada, Polikarpi, yule wa Mabira ninayeishi naye chumba kimoja, alinipa simu yake kubwa. "Mzee Novatus, hebu tazama, hii si pete ya mkeo?" Nikatazama. Mikono ya Deodatha inageuza kahawa kwenye mkeka, na watu elfu nne wameitazama! Chini yake mwanaume nisiyemjua ameandika: "Mikono hii imeolewa?" Mwingine akamjibu: "Piga namba hiyo uulize." Na namba ni ya mama yako.

Wenzangu walicheka. Nilicheka nao, halafu nikatoka nje kama ninayekwenda chooni.

Lingine. Ile ni kahawa ya kutafuna. Tangu enzi za baba yangu, mgeni akishakaa anawekewa kwenye kibakuli, anachukua, mnaongea. Haijawahi kuwa na bei. Nani amekufundisha kumuuzia mgeni?

Futa hiyo video. Na hiyo websaiti mliyotengenezewa na Gaudiosus ifungwe. Nikija Pasaka nisiikute, na simu nitaichukua.

Baba yako,
Novatus


Ihanda, 26 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anasema ukandwe mgongo kwa maji moto yenye chumvi, usiwe wa kumeza vidonge tu.

Nakiri, namba niliiandika mimi. Kaka Gaudiosus, pale stationeri kwake Kayanga, aliniambia kazi ya Facebook ni kuwaleta watu kwenye tovuti. Mimi nikaona huko ni kuwasumbua. Nikaweka kila kitu palepale: bei, namba, hata njia ya kufika kwetu. Basi watu elfu nne wakatazama, na kwenye tovuti wakaingia kumi na mmoja. Tisa kati ya hao nilikuwa mimi, najaribu kama inafunguka. Aliyepata tabu ni mama. Mtu wa Morogoro alimpigia yuko shambani anapalilia: "Naomba kuongea na Mama Mikono." Mama akamjibu, "Amekwenda kunawa," akakata. Alicheka, lakini siku iliyofuata simu aliiacha ndani. Nilimkosea, na wewe nimekukosea. Video nimeifuta, namba nimeitoa.

Ila tovuti sijaifunga.

Naandika hivi kwa sababu uko mbali, ungekuwa mbele yangu nisingeweza. Unanijua. Miaka minne ya sekondari sikunyoosha kidole darasani hata mara moja. Mwalimu akiuliza kwa Kiingereza jibu ninalo, akiuliza kwa Kiswahili ninalo, mdomo ndio haufunguki. Lakini kwenye ule ukurasa naandika, na mtu wa Tabora ananijibu. Nimeshawajibu watu mia mbili na sita. Mimi, baba!

Umeuliza nani amenifundisha kumuuzia mgeni. Nimelifikiria siku tatu. Anayepita barabarani tunamsalimu tu, hatumkimbilii na kibakuli. Kahawa anapewa aliyeingia akakaa. Basi sasa nafanya hivyo hivyo. Facebook na TikTok ni barabara. Hapo nasalimia, namwonyesha mama akichemsha kahawa na majani yake, akianika, halafu nakatisha kabla hajaonja. Anayetaka zaidi aingie ndani, yaani kwenye tovuti. Bei ziko huko, na kila mzigo mama anautilia kipakiti kimoja cha kukaribisha. Hicho hakina bei.

Wiki iliyopita waliingia watu mia tatu na kumi. Mama na wenzake watano wa kikundi wamefunga mizigo ishirini na miwili. Mmoja umekwenda Mtwara. Kabla ya hapo, baba, kahawa yao ilikuwa haivuki hapo jirani Omurushaka.

Ukitaka kuona, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mwanao,
Evaresta


Geita, 9 Februari 2025

Evaresta,

Marahaba, na salamu kwenu nyote. Mgongo umepoa kwa ile chumvi, mwambie mama yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sikujua una maneno mengi hivyo. Lakini maneno mengi si ruhusa. Mke wangu si tangazo. Nimempigia Gaudiosus aifunge, ananiambia nywila anayo mama yako. Tangu lini? Msomee barua hii, aifunge mwenyewe.

Baba


Ihanda, 23 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na maharage yameanza kuota.

Barua nimemsomea mama neno kwa neno, kama ulivyoagiza. Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alimenya hadi sufuria ikajaa. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kinachomsumbua ni mikono? Basi piga uso. Nani atauliza kama nimeolewa akishaniona mwenyewe?"

Akavaa nguo ya kanisani, akaketi kwenye kigoda mbele ya migomba, akakunja uso. Nikapiga. Maneno ya chini ya picha kayatunga yeye, mimi nimeandika tu: "Deodatha, mwenye kahawa. Ameolewa. Mumewe anaitwa Novatus."

Picha hiyo haipo Facebook. Iko ndani, kwenye tovuti peke yake. Kule barabarani nimeweka mikono ikimimina kahawa kwenye kibakuli, na swali: "Mnauliza hii mikono ni ya nani? Ingieni mumwone." Kwa siku nne wameingia elfu moja na mia mbili. Aliyeuliza kama imeolewa naye aliingia. Aliagiza vipakiti vitatu, akaandika, "Samahani, shemeji Novatus."

Hatufungi, baba. Neno la mama ni hilo, na langu ni hilo hilo, ingawa mimi nalisema kwa kalamu. Sijawahi kukukatalia kitu, na nimetafuta maneno laini ya kukuambia sikuyapata. Pasaka ukija na hasira, njoo nazo. Chakula utakikuta.

Mwanao,
Evaresta


Ihanda, 30 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Wiki tano hujajibu barua yangu. Kwenye simu unamuuliza mama habari za mvua na za ng'ombe, halafu mwishoni unamwambia Pasaka iko palepale, unakuja kuchukua simu na kufunga tovuti.

Nina la kukiri. Kaka Gaudiosus alinifundisha kwamba kila unapotangaza unatoa anwani yenye neno lake mwishoni, ili ujue wageni wamekuja kwa njia ipi. Wa Facebook wana neno lao, wa TikTok wana lao. Ile niliyokuandikia nyuma ya karatasi niliitengenezea neno "novatus". Haipo popote pengine.

Imefunguliwa mara thelathini na nne.

Najua si adabu mtoto kumchunguza baba. Ningekuuliza, lakini ningekuulizaje, wewe na mimi tulivyo? Mwezi wa pili wote hukuingia kabisa. Siku sita baada ya mimi kutuma habari ya picha, uliingia mara saba kwa siku moja. Tangu hapo ni karibu kila siku, saa zako za mapumziko. Bei hujaitazama hata mara moja. Unafungua ukurasa ule ule mmoja. Na Polikarpi ameniandikia huko Facebook, bando lake linakwisha upesi mno siku hizi, hajui nani analimaliza. Sikumjibu.

Kwa hiyo nakuambia kabla hujapanda basi. Simu ukiichukua, nitatumia ya kaka Gaudiosus. Ukinikataza kwenda Kayanga, nitaandika kwenye karatasi na wenzake mama watampelekea. Na tovuti ikifungwa, baba, inafungwa kwa kila mtu. Na kwako.

Mama nimemwambia. Aliuliza, "Anafungua ukurasa upi?" Nikasema ule wenye picha yake. Akaingia chumbani, akatoka na kile kitenge cha kijani ulichomletea mwaka juzi, nywele amezisuka upya jana yake wala sikujua ni za nini.

"Ile ya kwanza nimenuna," akasema. "Piga nyingine."

Safari hii alicheka. Nimeiweka leo asubuhi, ya zamani nimeitoa. Nakala sikuwekei kwenye bahasha, na kaka Gaudiosus usimwombe, nimeshamkataza.

Ingia mwenyewe.

Mwanao,
Evaresta