Kwa Mama, Aliyeweka Mashine ya Tatu Chumba cha Mashuka

Mama, mwaka umekatika tangu ututoke, na bado wapo wanaosema ulikuwa fundi kompyuta tu. Waseme. Midomo ni yao.

Ulipoanza kazi hospitalini, kumbukumbu za wagonjwa wote zilikaa kwenye mashine moja, nakala ikichukuliwa kila jioni. Ikafa saa tisa alasiri, na wagonjwa wa siku nzima wakafutika. Ukaweka mbili, mkuu na msaidizi. Waya kati yao ukakatika, kila moja ikajiona mkuu, na mama mmoja aliyetoka kujifungua akaandikiwa makundi mawili ya damu. Ulikimbia wodini mwenyewe, viatu mkononi, ukamwahi kabla hajatundikiwa chupa ya damu.

“Wawili wakibishana, nani ataamua?” ulituuliza ukipanga vikombe mezani, chai yako ikipoa kama kawaida.

Ndipo zikawa tatu: neno haliandikwi mpaka angalau mbili zikubaliane. Ya tatu ukaipeleka mbali na wenzake, chumba cha mashuka.

Mkurugenzi, bwana tai na maneno, alicheka mbele ya watu: “Huyu mama anazalisha kompyuta kama sungura!” Mtu mwenyewe hajui hata kuwasha printa yake. Tulipokuzika alihutubia dakika arobaini. Zilizokuhusu wewe hazikufika tano. Wiki iliyofuata akaagiza mashine ya tatu iondolewe, apate pa kutupia makochi yake ya zamani. Muuguzi mkuu, shoga yako, akamjibu, “Sawa, bosi,” akafunga mlango na ufunguo akautia kwenye sidiria.

Mwezi wa nne bomba la dari likapasuka. Mashine mbili zikaoga, zikafa. Ya tatu ilikataa kuandika lolote jipya bila mwenzake wa kukubaliana naye, kama ulivyoifundisha, lakini ya nyuma yote ilikuwa nayo. Hakupotea mgonjwa hata mmoja.

Sasa mkurugenzi anauita “mfumo wangu”. Juzi kamtuma katibu wake: anaomba naye aandikwe hapa, miongoni mwa wanaokukumbuka. Baba, mpole yule unayemjua, hakuinua hata macho.

“Mwambie nafasi imejaa.”

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, dada yako mshonaji na shoga yako muuguzi. Hatutakusahau, Mama, siku zote za uhai wetu.