Mzimu Aliyegoma Kustaarabika

Mwenzangu, nimetoka kuigiza mzimu kwenye ile sinema yao sasa hivi, unga bado uko usoni. Unga! Eti ndiyo sura ya mzimu.

Mwongozaji, mtoto wa juzi tu, ananiambia: "Bibi, watishe watu kwa kilugha chenu."

Nikaimba wimbo niliowabembelezea wanangu. Watu wakapiga mayowe! Kwa wimbo wa kulaza mtoto!

Halafu eti mwishoni mzimu afundishwe lugha ya shule, avishwe viatu, aombe radhi, ndipo aende peponi. Aombe radhi! Kwa lipi?

Nikauliza, "Na akikataa?"

"Anachomwa moto, bibi, na kazi yako inaishia hapo hapo."

Nikavua viatu vyao walivyokwisha kunivisha, nikakaa chini.

"Basi leta kiberiti, mjukuu wangu."